Diskriti ya nini kwa mtu anayetaka kukodi, yaani kuandika programu za kompyuta? Maswali yenu na majibu

Maswali mengi yaliyoingia safari hii yametoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta na karibu wote wanalia na somo moja, diskriti. Kwa ambaye hajakutana nalo, ni hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, yaani namba nzima, kauli za kweli na uongo, seti, grafu na kadhalika, tofauti na kalkulasi inayoshughulika na vitu vinavyobadilika mfululizo bila kukatika kama mwendo na joto. Kompyuta ndani yake ni 0 na 1, hamna nusu, kwa hiyo hisabati yake ndo hii. Nimechukua maswali yanayojirudia, mengine nimeyafupisha kidogo, twende.

Shikamoo mwalimu. Mimi nimekuja chuo kujifunza kutengeneza programu na Python nilikuwa naijua kidogo kabla. Sasa tangu muhula uanze tunachora majedwali ya K na U (kweli na uongo), tunathibitisha eti witiri ukijumlisha na witiri inatoka shufwa, kitu nilichokijua tangu shule ya msingi. Kompyuta yenyewe hatujaigusa. Niambie ukweli, hili somo lina kazi au ni la kutuchuja tu?

Marahaba mdogo wangu. Lina kazi, na malalamiko yako nayaelewa kwa sababu wengi wanaolifundisha hawasemi lina kazi gani, wanaingia na seti siku ya kwanza wanatoka na grafu siku ya mwisho, mwanafunzi anabaki anajiuliza alikuwa anaangalia nini.

Hiyo ya witiri hukuulizwa ili useme jibu, umeulizwa uoneshe kwanini haiwezekani ikatoka vingine, hata kwa namba kubwa ambayo hakuna binadamu ameshawahi kuiandika. Witiri moja ni 2a + 1, nyingine ni 2b + 1, jumlisha unapata 2a + 2b + 2, toa 2 nje inakuwa 2(a + b + 1), imeisha. Mstari mmoja umemaliza namba zote zilizopo. Sasa jiulize ungetest kwa kompyuta ungemaliza lini.

Na hapo ndo penyewe, maana sisi waandika programu tuna ugonjwa wa kusema "nimeitest, inafanya kazi". Chukua kanuni hii ya zamani aliyoichezea mwanahisabati Euler: n mara n, jumlisha n, jumlisha 41. Weka n = 0 unapata 41, namba tasa. Weka 1 unapata 43, tasa. 2 inatoa 47, 3 inatoa 53, zote tasa. Endelea 10, 20, 30, mpaka 39 inayotoa 1,601, tasa zote bila kukosa hata moja, ni majaribio 40 yamepita. Nani hapo angekataa kuisaini? Weka 40. Inatoka 1,681, ambayo ni 41 × 41, sio tasa. Na mtu aliyeangalia kanuni badala ya kujaribu namba angeliona bila kutest kitu, kwa sababu n² + n ni n(n + 1), ukiweka 40 inakuwa 40 × 41, ongeza 41 nyingine, lazima igawanyike kwa 41.

Kuhusu majedwali ya K na U, hayo ndo mashine yenyewe. George Boole, mwanahisabati wa Uingereza, alitoa kitabu mwaka 1854 akionesha kwamba kufikiri kwa kweli na uongo kunaweza kufanywa kama aljebra, na kwa miaka mingi wahandisi hawakuwa na habari nayo. Mwaka 1937 kijana wa miaka 21 anaitwa Claude Shannon akaandika tasnifu ya masta pale chuo cha MIT, Marekani, akaonesha kuwa swichi za umeme, imewaka au imezima, zinafuata aljebra hiyohiyo ya Boole, kwa hiyo sakiti unaweza kuibuni kwa kalamu na karatasi kabla hujagusa waya. Kila prosesa unayoitumia imejengwa juu ya wazo hilo. Kwa hiyo usiseme hamjaigusa kompyuta, mmeanzia ndani kabisa.

Mwalimu naomba unisaidie hii "kama P basi Q". P ikiwa uongo na Q uongo, jibu kweli. P uongo na Q kweli, bado kweli! Tuliambiwa hiyo ni maana iliyokubaliwa, tukariri. Nimekariri lakini roho yangu haijakubali.

Roho yako iko sahihi kukataa kukaririshwa. Hebu tuichukue kwenye mfumo wa kawaida wa kulogini. Sheria inasema: kama mtumiaji amekosea nywila mara tatu, basi akaunti yake imefungwa. Wewe ndo umepewa kazi ya kukagua kama mfumo unaifuata hiyo sheria.

Unafungua rekodi. Wa kwanza alikosea mara tatu na akaunti imefungwa, safi. Wa pili alikosea mara tatu na akaunti iko wazi, hapo umekamata bagi, yaani kosa la programu. Wa tatu hajakosea na akaunti iko wazi, je sheria imevunjwa? Hapana. Wa nne hajakosea hata mara moja lakini akaunti imefungwa, labda aliomba mwenyewe ifungwe au alisimamishwa kwa jambo lingine, je sheria *hii* imevunjwa? Hapana pia, maana haikusema chochote kuhusu wasiokosea. Basi hilo ndo jedwali lako lote. "Kama P basi Q" inavunjika sehemu moja tu, pale P ni kweli na Q ni uongo. Penginepo pote haijavunjwa, na kwenye mantiki ya K na U hakuna kibanda cha tatu cha "haijulikani", kauli isiyovunjwa inaandikwa K. Ukilishika hivyo hulikariri tena.

Sasa ujipime. Mwanasaikolojia Peter Wason alitoa fumbo hili mwaka 1966 na watu wazima wenye akili zao wanalikosa mpaka leo. Kuna kadi nne mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande mwingine. Unachoona ni A, K, 4 na 7. Sheria: kama upande mmoja una irabu, basi upande wa pili una namba shufwa. Ni kadi zipi *lazima* uzigeuze kujua kama sheria imefuatwa? Wengi wanasema A na 4. Lakini 4 haina haja, nyuma yake pawe na irabu au konsonanti sheria haivunjiki. Ya kugeuza ni A na 7, kwa sababu 7 ikiwa na irabu nyuma umeshaikamata. Ukiona unapata shida hapo ujue hata masharti yako ya "if" kwenye kodi huwa unayaandika kwa kubahatisha.

Na kuna mtoto wa jambo hili anayeuma watu kazini. Iulize Python kama namba *zote* kwenye orodha tupu ni kubwa kuliko 100, itasema kweli. Iulize kama zote ni ndogo kuliko 100, itasema kweli vilevile. Haijachanganyikiwa, hakuna namba hata moja ndani inayovunja sharti. Sasa chukulia umeandika "hati ipite kama wakaguzi wote wamesaini", halafu mtu kasahau kuweka wakaguzi, orodha iko tupu, hati inapita bila saini hata moja na mfumo unaona kila kitu kiko sawa! Aliyesoma diskriti vizuri anaongeza sharti kwamba orodha isiwe tupu kabla hata hajaambiwa.

Nimalizie na kukanusha, maana wengi wanateleza hapo. Kinyume cha "majaribio yote yamepita" sio "majaribio yote yamefeli", ni "kuna angalau moja limefeli". Na mpangilio wa maneno nao usiuchezee: "kila mtumiaji ana nywila" na "kuna nywila ambayo kila mtumiaji anayo" zinatumia maneno yaleyale ila ya pili ni janga la usalama.

Habari ndugu mwandishi. Indaksheni, ile njia ya kuthibitisha jambo kwa namba zote, naona kama ni utapeli. Unaambiwa "chukulia ni kweli kwa k", halafu unathibitisha kwa k + 1. Si ndo nimeshadhani kile nilichotakiwa kuthibitisha?

Nzuri ndugu yangu, na hili ni swali zuri kuliko yote niliyopokea. Hapana, hujadhani kile unachotakiwa kuthibitisha, angalia vizuri umeahidi nini. Hujasema "ni kweli kwa kila namba". Umesema "*kama* ni kweli kwa namba fulani k, *basi* ni kweli kwa inayofuata". Ni ileile "kama P basi Q" ya hapo juu, na kuithibitisha hiyo huhitaji P iwe kweli, unahitaji kuonesha tu kwamba haiwezi kutokea P ikawa kweli na Q ikawa uongo. Baada ya hapo unaonesha kando kwamba ni kweli kwa 1. Kweli kwa 1, kwa hiyo kwa 2, kwa hiyo kwa 3, na hakuna pa kusimamia.

Mfano mwepesi: ukijumlisha namba witiri kuanzia 1 unapata kipeo cha pili cha idadi yake. 1 peke yake ni 1. 1 + 3 ni 4. 1 + 3 + 5 ni 9. Chukulia witiri k za kwanza zinatoa k². Witiri inayofuata ni 2k + 1. Jumlisha: k² + 2k + 1, ambayo ni (k + 1)². Kwisha habari.

Lakini hofu yako kuwa kuna utapeli ndani haikutoka hewani, kwa sababu ukiwa mzembe indaksheni inathibitisha upuuzi. Wanahisabati wana mzaha wao wa siku nyingi: "farasi wote wana rangi moja". Farasi mmoja, rangi moja, sawa. Chukulia kundi lolote la farasi k lina rangi moja. Chukua k + 1. Mtoe wa kwanza, waliobaki ni k, rangi moja. Mrudishe, mtoe wa mwisho, waliobaki ni k, rangi moja. Kwa hiyo wote rangi moja! Tafuta kosa kabla hujaendelea kusoma. Wengi wanalishambulia neno "chukulia", halafu wanakwama, maana halina kosa. Kosa liko kwenye kutoka 1 kwenda 2. Ukiwa na farasi wawili, ukimtoa wa kwanza anabaki wa pili, ukimtoa wa pili anabaki wa kwanza, hakuna farasi wa katikati aliyekuwemo kwenye makundi yote mawili wa kuwaunganisha. Hatua inafanya kazi kuanzia 2 kwenda 3 na kuendelea, ila haifanyi kazi mahali pamoja tu, na pamoja panatosha.

Na ukitaka kuona hilo likitokea kwenye kodi, andika lupu (amri zinazojirudia) ya kutafuta namba kubwa kuliko zote kwenye orodha. Wanafunzi wengi wanaanza hivi: weka kubwa = 0, pitia orodha, ukikuta namba inayozidi kubwa basi kubwa iwe hiyo. Ipe 4, 9, 2 inajibu 9. Ipe 15, 3, 88 inajibu 88. Kila mtu anafurahi. Ipe -3, -8, -5. Inajibu 0, namba ambayo haimo hata kwenye orodha. Hatua ya lupu haina kosa lolote, kosa liko mwanzo, kauli "kubwa ndiyo kubwa kuliko zote nilizozipitia" haikuwa kweli pale ulipoanza. Anza na namba ya kwanza ya orodha badala ya 0 inapona. Hiyo kauli inayobaki kweli kila lupu inapozunguka ndo dhana yako ya indaksheni, na kila fankisheni inayojiita yenyewe bila mahali pa kusimama ni indaksheni iliyosahau msingi, utaona maandishi mekundu ya kosa yakikwambia fankisheni imejiita mara nyingi kupita kiasi. Mimi hapo ndo naamini somo lilipaswa kuanzia, lupu kwanza halafu jumla za witiri baadaye, ila ratiba hazipangwi na mimi.

Ticha, permutesheni na kombinesheni huwa nazichanganya kwenye pepa kila siku. Kuna njia ya haraka?

Iko. Kabla ya kukimbilia fomula, chukua jibu moja unalolihesabu, badilisha nafasi za vitu viwili ndani yake, ujiulize: nimepata jibu jipya au ni lilelile? Watu watano, unachagua mwenyekiti, katibu na mhazini: ukiwabadilishana mwenyekiti na katibu ni uongozi mwingine, kwa hiyo 5 × 4 × 3 = 60, hiyo ndo permutesheni. Watu walewale watano unachagua kamati ya watatu isiyo na vyeo: ukibadilisha nafasi ni kamati ileile, na kila kamati umeihesabu mara 6 (3 × 2 × 1), kwa hiyo 60 ÷ 6 = 10, hiyo ndo kombinesheni. Fomula zote mbili zimetoka hapo, na wewe ukizisahau ndani ya chumba cha mtihani unazitengeneza upya.

Namba ya siri ya tarakimu nne, kurudia kunaruhusiwa, ni 10 × 10 × 10 × 10, yaani 10,000. Ukikataza kurudia inakuwa 10 × 9 × 8 × 7 = 5,040. Angalia hapo, mtu anayeweka sheria ya "tarakimu zisijirudie" anadhani kaongeza ulinzi kumbe kampunguzia mwizi kazi karibu nusu.

Kitu kingine ambacho akili ya kawaida inakikosea sana ni kugongana. Kwenye chumba cha watu 23 uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unavuka asilimia 50, kwa sababu huhesabu watu, unahesabu jozi, na watu 23 wana jozi 253. Hii sio hadithi ya kuchekesha darasani tu. Ukitumia heshi ya biti 32, yaani namba ya tarakimu 32 za 0 na 1 inayokokotolewa kutoka kwenye faili, kutambulisha mafaili, una thamani zaidi ya bilioni nne, unaona una nafasi kubwa, lakini ukifika mafaili kama 77,000 tayari ni nusu kwa nusu kwamba mawili yamegongana.

Nilifeli kalkulasi. Diskriti nayo ndo basi tena?

Hapana dada, ni masomo tofauti. Diskriti ya mwaka wa kwanza haihitaji uwe umefaulu kalkulasi hata kidogo, unachohitaji ni aljebra ya sekondari na uvumilivu wa kusoma sentensi moja polepole. Nimeona waliokuwa wazuri kwenye kalkulasi wanahangaika huku kwa sababu wamezoea kupewa fomula, na huku swali linasema "onesha kwamba" halafu linanyamaza.

Naomba kufahamu grafu zinatumika wapi zaidi ya ramani, maana kila mfano ni ramani.

Mifano ya ramani inatokana na historia. Mwaka 1736 Euler alishughulikia mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad huko Urusi, uliokuwa na madaraja 7 yanayounganisha vipande 4 vya ardhi, watu wakiuliza kama mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu. Akatupa kila kitu, umbali, ukubwa, sura ya mto, akabakiza nukta na mistari, hiyo ndo grafu. Kila ukipita kwenye nukta unaingia kwa mstari mmoja na kutoka kwa mwingine, kwa hiyo nukta zote isipokuwa ya kuanzia na ya kumalizia lazima ziwe na mistari shufwa. Königsberg ilikuwa na nukta zenye 5, 3, 3 na 3, witiri zote nne, haiwezekani.

Sasa wewe ukikodi, nukta zako mara nyingi sio miji. Unaposakinisha maktaba ya programu ambayo nayo inahitaji maktaba nyingine, hiyo ni grafu yenye mishale, na ikitokea A anamhitaji B, B anamhitaji C, C anamhitaji A, umepata mzunguko na hakuna mpangilio wa kusakinisha. Seli za spredishiti zinazorejeana ni grafu. Historia ya mabadiliko kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, ni grafu. Algorithimu ya Dijkstra ya mwaka 1959 ya njia fupi utaisoma, ila kumbuka sharti lake ambalo kwenye mitihani wanalitega: uzito wa mistari (umbali au gharama yake) usiwe hasi.

Mwalimu, mambo ya "modi" na masalio, mbona yamejazwa kwenye somo la kompyuta? Mabaki ya kugawanya si ni hesabu za watoto?

Ni hesabu za watoto zinazolinda siri za wakubwa. Tufanye RSA nzima kwa namba ndogo, ni mfumo wa kuficha ujumbe uliotolewa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, unahitaji kalamu tu.

Chukua tasa mbili, 3 na 11. Zidisha, 33. Punguza moja kwa kila tasa uzidishe, 2 × 10 = 20. Chagua namba ya wazi isiyoshirikiana kigawo na 20, tuseme 3. Tafuta namba ya siri ambayo ukiizidisha kwa 3 na kugawa kwa 20 inabaki 1: ni 7, kwa sababu 21. Umeshamaliza. Unautangazia ulimwengu 33 na 3, wewe unabaki na 7.

Rafiki anataka kukutumia 4. Anafanya 4 × 4 × 4 = 64, anagawa kwa 33, masalio 31. Anatuma 31. Wewe unatakiwa uinue 31 kwa kipeo cha 7, namba ya kutisha, lakini kwenye ulimwengu wa 33, ambamo tunaangalia masalio ya kugawa kwa 33 tu, namba 31 ni sawa na -2, na -2 kwa kipeo cha 7 ni -128, ongeza 33 mara nne, yaani 132, unapata 4. Ujumbe umerudi! Anayesikiliza njiani anaweza kuuvunja kama ataweza kuigawa 33 kuwa 3 × 11, ambayo ni rahisi, ila kwenye matumizi halisi namba hiyo ina biti 2,048, tarakimu kama 617, na hakuna mtu aliyetangaza njia ya haraka ya kuivunja kwa kompyuta za kawaida.

Tena "modi" unayo kwenye mashine yako hata usipoitaka. Namba nzima ya biti 32 kwenye Java inaishia 2,147,483,647, ongeza 1 inageuka -2,147,483,648. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba kodi ya kutafuta kwa kugawa nusu iliyokuwa kwenye maktaba ya Java yenyewe, iliyotumika miaka na miaka, ilikuwa na bagi: ilitafuta katikati kwa kujumlisha mwanzo na mwisho halafu kugawa kwa 2, na orodha ikiwa kubwa mno ile jumla inageuka hasi. Dawa ni kuchukua mwanzo ukaongeza nusu ya tofauti. Kwenye karatasi ni kitu kilekile, kwenye mashine sio.

AI inaniandikia uthibitisho mzuri kuliko wa lekchara. Kwanini nihangaike?

Kwa sababu inaandika vizuri ikiwa sahihi na inaandika vizuri vilevile ikiwa imekosea, na wewe ndo utakayesaini. Mfano wa farasi hapo juu nao umeandikwa vizuri. Itumie, sikukatazi, ila ikikupa uthibitisho ufanye hivi: weka n = 1, n = 2 na orodha tupu kwenye kila mstari uone kama bado unasimama, na kila penye "ni dhahiri kwamba" pasimamishe paeleze. Inapokwama kukueleza, hapo ndo pana shimo.

Kompyuta inayokagua uthibitisho ipo kweli lakini ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1976 wanahisabati Appel na Haken walithibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila majirani kufanana, na watu walinung'unika miaka mingi kwamba nani atakagua kazi ya mashine. Mwaka 2005 Georges Gonthier akatangaza kuwa uthibitisho wote umeandikwa upya ndani ya Coq, programu inayokataa hatua yoyote isiyofuata sheria za mantiki. Hiyo haikubembelezi kwa lugha tamu, mstari ukiwa mbovu inagoma.

Tupe swali moja la kufanyia mazoezi lisilo kwenye madesa, na tafadhali usitupe jibu lote.

Haya. Watu wamekutana kwenye ukumbi, wawili au zaidi, baadhi wanafahamiana na baadhi hawafahamiani, na kufahamiana ni kwa pande mbili. Thibitisha kwamba lazima wawepo watu wawili wanaofahamu idadi sawa ya watu ndani ya ukumbi huo. Chora nukta na mistari kwa watu wanne kwanza. Kila mmoja anaweza kufahamu watu 0, 1, 2 au 3, kwa hiyo idadi zinazowezekana ni nne na watu ni wanne, inaonekana kama kila mmoja anaweza kupata yake. Jaribu kumpa mmoja 0 na mwingine 3 kwenye mchoro huohuo mmoja, uone kinachotokea.